Besi Mbili katika Santuri ya Uhuru

Katika nyumba niliyokulia Ngamiani, Tanga, neno jazz halikuhitaji maelezo. Jazz ilikuwa magitaa, tumba, saksafoni zinazojibizana na mwimbaji, na watu wazima wanaorudi nyumbani alfajiri wakiwa wamebeba viatu mkononi. Mjini kwetu tulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, wenzetu wa bara walikuwa na Morogoro Jazz na Tabora Jazz, na redioni tuliisikia Nuta Jazz, kwa hiyo hadi namaliza darasa la saba niliamini kwamba jazz ni neno letu wenyewe la kuitia bendi yoyote ya dansi. Baba yangu mdogo alipiga gitaa la besi katika mojawapo ya bendi za mji ule. Gitaa lenyewe halikuwa lake, kwa kuwa vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na siku alipokorofishana na viongozi juu ya malipo alirudi nyumbani mikono mitupu. Kwa muda wa miaka miwili baada ya hapo alikuwa akikaa mezani baada ya chakula cha usiku na kupiga besi kwa vidole kwenye ukingo wa meza, akiwa amefumba macho, nasi watoto tulikuwa tukibashiri ni wimbo gani.

Nilipohamia Dar es Salaam kwa masomo ya sekondari, katikati ya miaka ya 1990, niliona haya kusema kwamba nimetoka katika nyumba ya dansi. Vijana wa rika langu walikuwa wamehamia kwenye muziki ambao magazeti na watu wazima waliuita wa kufokafoka. Mwaka 1991 Saleh J alikwisha kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuchana, yaani kurap, na mwaka 1993 lilikuwa limeundwa kundi la Kwanza Unit, lakini mimi na wenzangu wawili tuliamua kwamba kundi letu litachana kwa Kiingereza tu. Tulikuwa tumekariri wimbo wa kundi la Kimarekani la Public Enemy wa mwaka 1989 kuhusu kupambana na wenye mamlaka, kutoka katika kanda iliyokuwa imenakiliwa kutoka kanda nyingine mara nyingi hata sauti zikawa kama zinatoka chini ya maji. Pale ambapo neno halikusikika tuliziba pengo kwa sauti yoyote iliyofanana nalo, na pengo lile tukalikariri pia.

Onyesho letu la kwanza, ambalo pia lilikuwa la mwisho, lilifanyika Idi Pili katika ukumbi mmoja wa Temeke. Nilivaa kofia ya sufu na koti nililolinunua mtumbani, koti la mtu anayeishi kwenye theluji, na kufikia ubeti wa pili jasho lilikuwa limeniingia machoni kiasi kwamba sikuwaona watazamaji. Walishangilia, nadhani walilishangilia koti. Tulipotoka nje kutafuta chakula, mama ntilie aliyekuwa amepanga sufuria zake karibu na mlango, na ambaye alikuwa ametusikia tangu mwanzo hadi mwisho, alinipakulia wali na maharage kisha akaniuliza kwa upole wa kweli: “Mwanangu, kule ndani ulikuwa unamfokea nani?”

Sikuwa na jibu. Nilikula wali wangu, nikalipa, na kundi likafa kifo cha kawaida cha makundi ya shule. Swali lile, hata hivyo, lilisafiri nami, na miaka mingi baadaye nilianza kulijibu nikiwa mahali ambapo sikutarajia, yaani katika chumba cha mgonjwa huko Bronx, New York, nilikokuwa nikifanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani kwao.

Mzee niliyepangiwa alikuwa dereva wa basi mstaafu, Mmarekani mweusi aliyepita umri wa miaka themanini, mwenye miguu iliyochoka na kumbukumbu isiyochoka. Aliposikia kwamba natoka Tanzania aliniamuru nimsalimie kwa Kiswahili. Nikamwambia, “Habari gani, mzee?” Akanyoosha mgongo kitini na kujibu kwa sauti kubwa, “Umoja!” Nilidhani hakusikia, nikarudia, naye akarudia jibu lake kwa msisitizo zaidi, kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi mzito. Baadaye ndipo nilipoelewa. Katika sikukuu ya Kwanzaa, iliyoasisiwa na Maulana Karenga mwaka 1966, watu huulizana “Habari gani?” na kila siku kati ya siku saba ina jibu lake: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Mzee wangu alikuwa amesoma Kiswahili katika madarasa ya jioni ujanani mwake, akabakiwa na hesabu ya moja hadi kumi, majibu hayo saba, na fahari ambayo mimi mwenye lugha sikuwa nayo.

Siku hiyohiyo alinielekeza kwenye kabati la santuri na kuniagiza nitoe moja kutoka katika rafu ya juu. Ilikuwa Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, mzaliwa wa Brooklyn, iliyorekodiwa Novemba 1960, katika mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru wake. Weston aliwakusanya wanamuziki zaidi ya ishirini, Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni, akapanga sauti za vyombo vyote, na mshairi Langston Hughes akaandika maneno. Niliweka sindano nikitarajia tarumbeta. Kilichokuja ni ngoma, kisha sauti ya mwanamume anayesema Kiswahili. Kiswahili chenyewe, si cha kukariri, kilichotulia kama cha mtangazaji wa zamani, na ndani yake neno uhuru likirudi tena na tena kama mtu anayegonga mlango bila kukata tamaa. Jina la msemaji limeandikwa kwenye jalada: Tuntemeke Sanga. Mtanzania yeyote akisikia jina la Sanga mawazo yake yanakwenda Makete, huko Njombe, na yangu yalikwenda huko moja kwa moja. Mtanganyika huyo alikuwa New York wakati ule, na sauti yake ilitiwa kwenye santuri ya jazz zaidi ya mwaka mmoja kabla bendera yetu haijapandishwa tarehe 9 Desemba 1961.

Mzee aliniambia kwamba ameisikiliza sauti hiyo zaidi ya nusu karne na hajapata hata mara moja mtu wa kumkalisha chini na kumfasiria. Basi nilikaa. Nilikuwa nikiinua sindano, namfasiria kipande, nairudisha, naye anatikisa kichwa. Kazi hiyo ilituchukua asubuhi nzima na dawa zake za saa nne alizinywa saa sita, jambo ambalo sikuliandika kwenye daftari la kazi. Nilipokuwa nikifasiri nilijiwa na aibu ambayo hata sasa sijaimaliza. Wakati mimi nikiwa Temeke najibana ndani ya koti la sufu ili nisionekane mtu wa Kiswahili, watu ambao nilidhani nawaiga walikuwa, miaka zaidi ya thelathini kabla ya hapo, wametafuta lugha ya kutamkia uhuru wao na wakaichagua ileile niliyokuwa naikimbia. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini haikuhitaji kufasiriwa: mwaka 1964 iliipiga marufuku santuri hiyo.

Ningependa kusema kwamba tangu asubuhi ile nilikuwa mwanafunzi mwema, lakini wiki iliyofuata niliharibu. Mzee alinionyesha santuri ya mpiga piano Herbie Hancock ya mwaka 1971 inayoitwa Mwandishi, ambayo ndani yake kuna kipande kilichotungwa kwa heshima ya mwanaharakati Angela Davis, na akanisomea majina ya Kiswahili waliyojipa wanabendi. Hancock mwenyewe alikuwa Mwandishi. Buster Williams wa besi alikuwa Mchezaji. Billy Hart wa ngoma alikuwa Jabali. Eddie Henderson, ambaye pamoja na kupiga tarumbeta alikuwa daktari aliyesomea kweli, aliitwa Mganga. Hadi hapo nilikuwa natabasamu tu. Alipofika kwa Julian Priester wa tromboni na kusoma “Pepo Mtoto”, nilicheka hadi nikashika ukuta, kwa sababu nilimwona bibi yangu wa Tanga akilisikia jina lile na kutuma mtu haraka akalete ubani na kombe. Nikaongeza, kwa ujuaji wangu, kwamba aliyewagawia majina hayo, mpiga tumba James Mtume, alitumia jina ambalo mtu wa pwani asingethubutu kujiita mchana kweupe.

Mzee alizima mashine. Akaniambia kwamba jina la ukoo wake, ambalo mimi nililiandika kila siku kwenye daftari la dawa, ni la mtu aliyemmiliki babu wa babu yake, na kwamba jina hilo lilifika katika familia yao kupitia orodha ya mali, baina ya nyumbu na majembe. Watu waliofungua kamusi ili wajipe jina jingine, alisema, wana haki ya kukosea. Sikucheka tena, ingawa kwa haki ya lugha bado nadhani Pepo Mtoto angeweza kushauriwa vizuri zaidi.

Kuanzia hapo alinifundisha kwa mpangilio wake mwenyewe, ambao kanuni yake ilikuwa moja: kusikiliza kwanza, kuambiwa baadaye. Siku moja aliniwekea kipande cha John Coltrane bila kunitajia jina lake. Saksafoni ilianza polepole, juu ya piano inayonguruma chini kwa chini, ikipanda kidogo, ikisita, ikirudi, na masikio yangu yakanipeleka kwenye khitma, kwa msomaji ambaye marehemu alikuwa wake na ambaye katikati ya aya sauti inamkwama, waliohudhuria wakainamisha vichwa wakimsubiri apate pumzi. Kiliposimama aliniuliza ninadhani ni nini. Nikamwambia ni matanga. Ndipo aliponiambia kwamba kinaitwa Alabama, kwamba kilirekodiwa Novemba 1963, miezi miwili baada ya wabaguzi kulipua kanisa la 16th Street Baptist mjini Birmingham, Jumapili ya tarehe 15 Septemba, wakati wa vipindi vya shule ya Jumapili, na kuwaua wasichana wanne, watatu wenye miaka 14 na mmoja mwenye miaka 11. Hakuna neno hata moja katika kipande hicho. Nilikuwa nimeishi nikiamini kwamba muziki wa ukombozi ni ule wenye maneno makali.

Siku nyingine aliniwekea santuri ya mpiga ngoma Max Roach ya mwaka 1960 inayodai uhuru sasa, ambayo jalada lake lina picha ya vijana weusi waliokaa kwenye kaunta ya mgahawa ambayo hawakuruhusiwa kukaa. Katika kipande kimoja mwimbaji Abbey Lincoln anaanza kwa kuimba bila maneno, kama mtu anayeomba dua, kisha ghafla, ngoma za Roach zikimpiga kutoka kila upande, anapaza sauti kali, na anaendelea kuipaza kwa zaidi ya dakika nzima hadi msikilizaji anatafuta pa kuweka macho. Mzee aliniuliza neno la Kiswahili la sauti ile. Nililifikiri jibu kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia, kwa sababu nilikuwa na maneno mawili mkononi. Neno la kwanza lilikuwa kufoka, na halikufaa. Neno lililofaa lilikuwa yowe. Nikamweleza kwamba kwetu mtu akipiga yowe usiku hamfokei yeyote, anawaita majirani, na jirani aliyelisikia asitoke ana maswali ya kujibu kesho yake. Mama ntilie wa Temeke, kama angemsikia Abbey Lincoln, asingeuliza anamfokea nani. Angefunika sufuria na kukimbilia ilikotokea sauti.

Yowe hilo lilitoka nje ya santuri pia. Mnamo Februari 1961, dunia ilipotangaziwa kwamba Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ameuawa Katanga, Abbey Lincoln na Max Roach walikuwa miongoni mwa watu weusi wa New York, akiwamo mwandishi Maya Angelou, walioingia katika jengo la Umoja wa Mataifa na kuvuruga kikao cha Baraza la Usalama kwa kelele za kumlilia. Nilipolisikia hilo nilitaka kumlinganisha Louis Armstrong nao na kumhukumu, kwa kuwa Oktoba 1960 alikuwa Leopoldville, Kinshasa ya leo, akipiga tarumbeta katika ziara iliyodhaminiwa na serikali ya Marekani, huku Lumumba akiwa amefungiwa nyumbani mwake katika mji huohuo. Mzee alinikataza. Alinikumbusha kwamba mwaka 1957, watoto weusi walipozuiwa kuingia katika shule ya Little Rock, Armstrong huyohuyo aliisema serikali yake hadharani na akakataa kwenda kuiwakilisha katika Umoja wa Kisovieti. Sijui kama ninakubaliana na mzee kikamilifu. Jazz ilitumika na wenye mamlaka, na wakati mwingine waliotumiwa walijua, kama ambavyo nyumbani bendi zetu ziliimba sifa za waliokuwa wakimiliki magitaa.

Hip hop sikuhitaji kufundishwa na mzee, kwa kuwa alikuwa na mjukuu wa miaka kumi na tisa aliyekuja kila Jumamosi akiwa na fulana ya mchanaji Tupac. Nilimweleza kijana huyo kwamba Tupac amechorwa kwenye daladala nyingi nchini mwangu, naye hakushangaa. Nilipomwambia kwamba Geronimo Pratt, kiongozi wa Black Panther, chama cha ukombozi wa watu weusi wa Marekani, aliyekuwa baba wa ubatizo wa Tupac, na aliyekaa gerezani miaka 27 kabla hukumu yake haijatenguliwa, alifia katika kijiji cha Imbaseni karibu na Arusha mwaka 2011, alikaa kimya na kuniomba nimwandikie jina la kijiji. Naye kwa kunilipa alinipeleka 1520 Sedgwick Avenue. Ni jengo refu la ghorofa la kawaida lililo kando ya barabara kuu yenye kelele, na kwa kulitazama tu usingejua kwamba tarehe 11 Agosti 1973 msichana mmoja aliandaa muziki katika ukumbi wake wa chini ili apate fedha za nguo za shule, na kaka yake, Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, akawa mpiga santuri. Herc alitumia nakala mbili za santuri moja ili kukirefusha kile kipande kifupi ambacho waimbaji wananyamaza na ngoma inabaki peke yake.

Nikiwa nimesimama pale nilimfikiria baba mdogo na meza yake. Bronx ya miaka ile ilikuwa imepasuliwa na barabara kuu, majengo yake yakiungua moja baada ya jingine, na mji ulipokaribia kufilisika mwaka 1975 masomo ya muziki shuleni yakawa miongoni mwa vilivyokatwa. Watoto wasio na saksafoni waligeuza mashine ya kuchezea muziki kuwa ndicho chombo, na walipokosa umeme viwanjani waliuvuta kutoka kwenye nguzo za taa za barabarani. Nilikuwa nimeiga kofia zao. Kumbe jambo lao lenyewe nililiona nyumbani kila usiku nikiwa mtoto, kwa mtu aliyenyang'anywa gitaa akaendelea kupiga.

Mjukuu na babu yake walibishana sana. Mzee aliona kuchana ni kelele za watu wavivu wa kujifunza chombo, na kijana akamjibu kwa mifano ambayo sikujua aliitoa wapi. Alimwambia kwamba Max Roach, yule wa santuri ya uhuru, alikuwa baba wa ubatizo wa Fab 5 Freddy, mmoja wa watu waliouonyesha ulimwengu hip hop. Alimwekea wimbo wa The Notorious B.I.G. wa mwaka 1994 na kumuuliza mdundo ule ni wa nani, kisha akamwambia ni wa James Mtume, yuleyule mgawaji wa majina, kutoka wimbo wake wa mwaka 1983. Mwisho aliweka santuri ya A Tribe Called Quest ya mwaka 1991 na kumwambia asikilize besi. Mzee alisikiliza kichwa kikiwa upande mmoja, na kabla kipande hakijaisha akasema, “Huyo ni Ron Carter.” Alikuwa ndiye. Mzee hakukubali kwamba ameshindwa, ila aliomba kirudiwe.

Juma hilo nilimpigia simu baba mdogo, ambaye sasa ni mzee pia na anaishi kwenye nyumba ileile ya Ngamiani. Bronx ilikuwa saa nne asubuhi, na Tanga magharibi ilikuwa inakaribia. Nilimwekea Uhuru Afrika, simu nikiwa nimeishika karibu na spika, na nikamtangulizia maelezo marefu kuhusu Weston, kuhusu Sanga, kuhusu makaburu na marufuku yao. Alisikiliza bila kunikatiza hadi mwisho.

“Hayo ya uhuru nayajua, mwanangu, nilikuwapo,” alisema. “Niambie jambo moja. Hapo kwenye besi wako watu wawili, au ni masikio yangu yamechoka?”

Nilichukua jalada na kutafuta kwa kidole katika orodha ya wapigaji. George Duvivier, besi. Ron Carter, besi. Nilipomwambia mzee wangu kwamba mpiga besi wa Tanga amewasikia wote wawili kupitia simu, alisogeza kiti chake mwenyewe hadi kwenye mashine, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nimfahamu, akairudisha sindano mwanzo kwa mkono unaotetemeka. Ngoma zikaingia, Sanga akaanza kusema, na kutoka ndani ya simu, nyuma ya sauti ya mwadhini wa Ngamiani, nikasikia vidole vikipiga kwenye ukingo wa meza.